Katekista Anapokabidhi Funguo

Huku kwetu Kibaoni katekista hastaafu. Hufa, au hugombana na paroko, au huenda kumsalimia mtoto wake Mpanda mjini na baada ya misimu miwili ya mvua watu wakaelewa kwamba harudi. Aliyenitangulia kwenye kigango chetu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jumapili alishikwa mkono hadi mbele, akafunua kitabu, na sisi tuliokaa kwenye mabenchi tulijua kwamba hasomi, anatoa kichwani. Siku nyingine Injili aliyotupa haikuwa ya Jumapili hiyo. Hakuna aliyemwambia. Alizikwa kwa heshima kubwa, na funguo za kanisa nikapewa mimi.

Kwa hiyo nilipomwendea Baba Paroko kumwambia kwamba Pasaka ikipita nataka kukabidhi, alidhani naumwa. Nikamwambia siumwi. Akauliza kama kuna mtu kanikosea. Nikamwambia hakuna. Ni kijana, umri wa mwanangu wa tatu, lakini ni paroko wangu.

“Sasa Mwalimu,” akasema, “kama huumwi na hujakosewa, unaacha kwa sababu gani?”

Siku ile sikumjibu vizuri. Nilisema mambo ya uzee na magoti na barabara. Yalikuwa kweli, lakini hayakuwa jibu. Mtu mwenye magoti mabovu anaweza kununuliwa pikipiki.

Niseme kwanza kazi yenyewe ni nini, maana walioko mjini wanadhani katekista ni mtu wa kufundisha watoto ishara ya msalaba. Padre anatufikia mara moja kwa mwezi, na masika, udongo mweusi wa mbugani ukishalowa, anaweza kupitisha miezi miwili. Kati ya misa na misa, kanisa ni katekista. Ndiye anayeongoza ibada ya Jumapili bila padre, anayebatiza kichanga kinachokata roho usiku, anayezika. Malipo yake ni posho ya kununulia sabuni na magunia machache ya mahindi wakati wa mavuno, kama jumuiya zikikumbuka. Ukitazama hayo, utacheka ukisikia mtu anaongelea madaraka.

Lakini usicheke haraka. Mtoto habatizwi bila karatasi yangu. Tangazo la ndoa halisomwi nisipoliandika. Mtu akifa, paroko ananipigia simu mimi kuuliza: marehemu alikuwa anasali? Zaka alikuwa anatoa? Jumuiya alikuwa anahudhuria? Na jibu langu, nililolitoa nimesimama kwenye shamba la mpunga na jembe mkononi, ndilo litakaloamua kama mama wa watu atamzika mwanawe kwa sala na nyimbo au kwa kunong’ona. Hapo hakuna rufaa. Sijui hakimu wa mahakama ya mwanzo mwenye uwezo wa namna hiyo.

Kisha madaraka hayo yanaota matawi. Ng’ombe wa Msukuma wakiingia kwenye mpunga wa Mpimbwe, kabla kesi haijafika baraza la kata, wote wawili wanapitia kwangu, na mmoja wao wala si Mkristo. Mgombea udiwani anakuja jioni kusalimia. Mtendaji wa kijiji akitaka watu wajitokeze kuchimba msingi wa darasa, anasema, “Mwalimu, ukilitangaza wewe watakuja.” Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye cheti nilichopewa chuo cha makatekista. Yalikuja yenyewe, yakakaa, na baada ya miaka kadhaa hakuna anayekumbuka kwamba hayakuwepo.

Rais wa nchi hii ana Katiba inayomhesabia vipindi viwili, basi. Askofu ana sheria ya Kanisa, kanuni ya 401, inayomtaka apeleke barua ya kung’atuka akitimiza miaka 75. Kardinali Polycarp Pengo, mzaliwa wa Mwazye, Rukwa, mkoa ambao na sisi tulikuwa ndani yake mpaka Katavi ilipomegwa mwaka 2012, alitimiza umri huo Agosti 2019 na mwezi huohuo Jimbo Kuu la Dar es Salaam likawa la mwingine. Lakini nani anamhesabia katekista wa kigango? Nani anamhesabia imamu wa msikiti wa kijiji, mwenyekiti wa chama cha msingi, mama anayeshika sanduku la vikoba? Madaraka makubwa yamewekewa uzio kwa sababu watu wanayaogopa. Madogo haya hayaogopwi na mtu, kwa hiyo hayana mwisho ila kaburi, na mwenye nayo akiwa mwema ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mbaya walau watu watamsengenya mpaka aondoke.

Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa Baba Paroko. Sikuwa nimelipata bado.

Mwaka 1990 Papa Yohane Paulo II alipokuja Tanzania, kundi letu lilikwenda Tabora kumwona, kwa treni ile ya Mpanda inayopita Kaliua, tumesongamana mpaka wengine walilala chini ya viti. Nilimwona kwa mbali, doa jeupe tu. Niliporudi ndipo nilipoanza kufikiria ukatekista. Kwa hiyo alipougua, miaka ya mwisho, mkono unatetemeka na maneno hayatoki, nilikuwa nikiwafundisha watoto wa kipaimara kwamba Baba Mtakatifu hashuki msalabani. Nililisema kwa kujiamini. Alifariki akiwa kwenye kiti, Aprili 2005, na Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 2014.

Kisha ikaja Februari 2013. Tarehe 11 Papa Benedikto XVI alitangaza kwamba nguvu zake hazitoshi tena, na tarehe 28, saa mbili usiku kwa saa za Roma, kiti kikawa wazi. Mara ya mwisho papa kung’atuka ilikuwa 1415, Gregori XII, na yule alifanya hivyo ili kumaliza mgawanyiko uliokuwa umelipasua Kanisa. Wa kuacha kwa hiari yake mwenyewe kabisa anayekumbukwa ni Selestino V, mwaka 1294, mzee mtawa aliyetolewa pangoni akapewa upapa na akaurudisha baada ya miezi michache. Mambo hayo nilikuwa siyajui. Nilikuwa na watoto darasani, chini ya mwembe, na mmoja wao akauliza: “Mwalimu, baba anaweza kuacha ubaba?”

Niliwaambia waimbe kwanza.

Jibu la sheria lipo, ni kanuni ya 332: Baba Mtakatifu anaweza kung’atuka, sharti afanye hivyo kwa uhuru wake na alitangaze ipasavyo, na hahitaji mtu wa kumkubalia. Lakini mtoto hakuuliza sheria. Aliuliza kama kuna vitu mtu huwa, na vingine hushika tu. Ubatizo haufutiki, upadre haufutiki, ubaba wa mtoto uliyemzaa haufutiki hata ukimkimbia. Kiti kinafutika. Shida ni kwamba baada ya muda mrefu mwenye kiti hawezi tena kuona mpaka uko wapi, na wanaomzunguka ndiyo kabisa. Watu wa kigango chetu hawaniiti kwa jina. Hata shemeji zangu wananiita Mwalimu.

Nimewafikiria mapapa hao wawili sana, mmoja aliyebaki na mmoja aliyeondoka, na sikubali wanaosema kwamba mmoja alikuwa jasiri na mwingine mwoga, wala wanaosema wote walikuwa sawa ili mradi tusigombane. Naona hivi. Ugonjwa wa Yohane Paulo ulikuwa fundisho kwa sababu nyuma yake walikuwepo makardinali, maofisi, maaskofu dunia nzima. Kazi ilikwenda, na yeye akabaki kutuonyesha namna ya kuteseka. Nyuma ya katekista hakuna mtu. Akiugua yeye, maiti inazikwa bila sala. Upofu wa aliyenitangulia haukutufundisha kuteseka. Ulitufundisha kujifanya hatuoni. Nafasi ikiwa ndogo, wajibu wa kuiachia mapema unakuwa mkubwa zaidi, na hilo ni kinyume cha tunavyodhani, maana sisi hupigia kelele marais wakae au waondoke, na katekista tunamwacha mpaka aanguke.

(Kuhusu Benedikto nina neno moja. Aliendelea kuishi ndani ya Vatikano na kuvaa nyeupe mpaka alipofariki, 31 Desemba 2022. Ningekuwa na uwezo wa kumshauri, ningemwambia arudi kwao Bavaria, au angalau abadili rangi ya kanzu. Watu wawili wenye nguo nyeupe uani kwa mtu mmoja, waumini watagawanyika tu, hata kama wao wawili wanapendana.)

Imamu wa msikiti wa hapa ni jirani yangu, tunapakana mashamba ya karanga. Nilipomweleza alisimulia habari za Hasan bin Ali, mjukuu wa Mtume, aliyemwachia Muawiya ukhalifa mwaka wa 41 wa Hijra ili damu ya Waislamu isimwagike. Kisha akanibana. Akasema wao wamefundishwa kwamba anayeomba uongozi huachwa nao peke yake, na anayepewa bila kuomba husaidiwa. “Wewe hukuomba, mzee mwenzangu. Ulipewa. Na umesaidiwa miaka yote hii. Sasa unamrudishia Mungu msaada wake?”

Hoja hiyo ni nzito kuliko ya paroko, na nilitembea nayo mpaka mwisho wa palizi. Nilichomjibu ni kwamba huenda na kuacha ni kitu ambacho mtu hapewi mpaka akiombe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mtu wa Kibaoni hawezi kulikwepa akiongelea madaraka. Kijiji chetu kinajulikana nchini kwa sababu ya mtu mmoja. Ukisema unatoka Kibaoni, hata makondakta wa basi la Sumbawanga, na mikono yao iliyovimba kwa mbung’o wa Hifadhi ya Katavi, watakwambia: kwa Pinda.

Tarehe 7 Februari 2008 Edward Lowassa alisimama bungeni Dodoma akatangaza kujiuzulu uwaziri mkuu kwa sababu ya sakata la umeme wa Richmond. Tarehe 9 aliapishwa Mizengo Pinda, mbunge wetu wa Mpanda Mashariki tangu 2000, mtoto wa mkulima kama alivyojiita mwenyewe. Hapa watu walicheza ngoma. Nami nilitangaza ibada ya shukrani, kanisa likajaa mpaka nje. Katika furaha ile yote hakuna aliyesema kwamba kiti tunachokishangilia kilikuwa kimeachwa siku mbili tu kabla, na kwamba kijiji fulani kule Monduli siku hiyo kilikuwa kimenyamaza. Kiti cha uongozi hakimhusu anayekikalia peke yake. Kuna watu wamekiegemea, wengine hawajawahi hata kumwona mwenyewe.

Nililiona hilo vizuri mwishoni mwa 2014, sakata la akaunti ya Tegeta Escrow lilipofika bungeni, zaidi ya shilingi bilioni 300, na baadhi ya wabunge wakataka Waziri Mkuu naye awajibike. Mwanasheria Mkuu, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu Desemba ile. Pinda alibaki mpaka kipindi kilipokwisha. Sikusomea sheria, na ripoti ile sina uwezo wa kuipima. Ninachoweza kusimulia ni vijiweni vya hapa. Wazee walisema wanaotaka ajiuzulu wanatuonea sisi. Sisi! Hakuna aliyejiuliza kama mwenyewe amechoka, au kama dhamiri yake inamwambia nini. Tungeulizwa, tungemfunga kwenye kiti kwa kamba, kwa mapenzi. Nadhani viongozi wengi wanashikiliwa namna hii, na huko juu wao wenyewe wanadhani ni mikono yao inayong’ang’ania.

Ndiyo maana namheshimu Mzee Ali Hassan Mwinyi wa mwaka 1977 kuliko Mzee Mwinyi wa Ikulu. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na watu waliokamatwa kwenye msako wa mauaji ya Usukumani wakafia mikononi mwa polisi. Yeye hakumpiga mtu. Aliacha uwaziri. Wasukuma waliohamia huku na ng’ombe wao, wazee wao wanalikumbuka. Kwamba miaka minane baadaye akawa Rais wa nchi, watu wanalisimulia kama malipo, na hapo mimi nasita: aliyeacha ili alipwe baadaye hajaacha kitu, ameweka akiba. Namheshimu kwa sababu siku ile ya 1977 hakuwa na njia ya kujua.

Na Mwalimu Nyerere (mwenye jina hilo hasa, sisi wengine tumeazima) alimkabidhi Mwinyi nchi tarehe 5 Novemba 1985, akarudi Butiama kulima, Afrika nzima ikastaajabu. Uenyekiti wa chama akaushika mpaka 1990. Nimesikia sababu zake na sizidharau: chama kilikuwa kimoja, mageuzi yalikuwa mazito, mrithi alihitaji mgongo. Lakini wakati ule chama ndicho kilichoshika hatamu, na anayeketi Ikulu akiwa na mwenyekiti Butiama anajua anachojua. Pinda alikuwa mtumishi wa Ikulu miaka hiyo. Ningekutana naye, hilo ndilo ningemwuliza, alionaje. Yeye mwenyewe aliondoka tarehe hiyohiyo, miaka 30 baadaye, 5 Novemba 2015, Rais Kikwete alipomkabidhi Magufuli. Kabla ya hapo alikuwa amechukua fomu ya kuomba urais na wenzake zaidi ya 40 ndani ya CCM, na tano bora ilipotangazwa jina lake halikuwemo. Akaenda kwenye shamba lake la Zuzu, Dodoma, kwenye zabibu na nyuki. Hapa alibakiza jina: Chuo Kikuu cha Sokoine kina kampasi huku Mpimbwe inayoitwa Mizengo Pinda.

Kijana mmoja anayesomea nyuki hapo kampasi aliniambia kitu nilichokuwa sikijui, ingawa tumerina asali maisha yetu yote. Nyuki wakigawanyika, malkia mzee ndiye anayeondoka na kundi kwenda kutafuta mti mwingine. Mzinga wenye asali anamwachia binti. Alinieleza hilo kunipongeza. Nilishukuru, lakini halinifai. Malkia akiondoka anaondoka na nusu ya watu. Makatekista wa namna hiyo tunao, na madhehebu waliyoanzisha yako barabarani kuelekea Majimoto, uyahesabu.

Siku ya kukabidhi nilifanya alivyofanya nabii Samweli alipozeeka, aliyewakusanya Waisraeli akawauliza kama alimchukulia mtu ng’ombe au punda, waseme mbele yake. Huku kwetu swali la ng’ombe ni la kweli. Watu walitazamana. Bibi mmoja wa jumuiya ya Mtakatifu Rita akasimama: “Ng’ombe hukuchukua, Mwalimu. Ulichukua mchana wetu. Mahubiri yako tulikuwa tunatoka nayo jua limepinduka.” Kanisa likacheka, paroko naye, nami nikacheka. Watu wanapenda kumtaja Samweli na kusahau kwamba yeye pia aliwaweka wanawe kuwa waamuzi, wakala rushwa. Kwa hiyo nilipoulizwa nimpendekeze nani, nilisema sina jina. Mwanangu wa pili alikuwa amekaa mstari wa tatu. Hakunisalimia siku mbili.

Mke wangu hakusema kitu mpaka usiku. “Umekabidhi na vyangu,” alisema. Ni kweli. Kiti chake cha mbele, wanawake wa WAWATA kumpisha kwenye foleni ya maji, mtoto wa watu kuja kumsaidia kupura. Sikumwuliza kabla. Hakuna sheria ya Kanisa inayosema katekista amwulize mkewe, na nadhani ingepaswa kuwepo.

Nilidhani kuacha ni siku moja. Katekista mpya ni dereva wa bodaboda, mwepesi, anaimba kwa kasi mno, na Jumapili yake ya kwanza alikosea jina la nabii Habakuki. Mabenchi yote yaligeuka kunitazama mimi huku nyuma. Nikakikazia macho kitabu cha nyimbo. Nikiinua uso kidogo tu, nikitabasamu kidogo tu, kijana yule amekwisha. Kumbe funguo nilizitoa, ule mtazamo haukuwa wangu kuutoa. Wenyewe wanao wao, na watauchukua watakapotaka. Watu bado wanakuja jioni. Mwenye kesi ya mpaka, mwenye binti aliyetoroka. Nawaambia nendeni kwa Mwalimu. Wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Mmoja aliondoka amekasirika, akasema nimekuwa na kiburi tangu nipumzike, na sina hakika kama alikosea.

Na sasa yule kijana mwenyewe amekuja. Anataka nimsaidie darasa la wakubwa, Jumanne, wale wanaojiandaa kubatizwa. Anasema wazee wanamwonea haya kumwuliza maswali. Ni ombi la haki na la unyenyekevu. Mke wangu anasema nikikataa nitakuwa mchoyo. Imamu anacheka tu. Nimejaribu kuona kama ninachokisikia kifuani ni huruma kwa wale wazee au ni furaha kwamba nimeitwa, na nimeshindwa kuvitenganisha. Nimemwambia anisubiri mpunga uingie ghalani. Na kwamba nikija, nitakaa kwenye benchi pamoja na wanafunzi, na maswali atayajibu yeye.